Hasi mara hasi kwenye friji ya chanjo

Mjukuu wangu Rukia,

Pokea salamu zetu kutoka Mji wa Kale. Sote tu wazima, alhamdulillahi, na mamako anakukumbuka sana. Waniuliza kwa nini hasi mara hasi ni chanya.

Nilipokuwa muuguzi mgeni katika zahanati moja ya Majengo, umeme ulipotea, ukarudi saa mbili asubuhi. Mimi niliingia kazini saa nne, nikaanza kuipima friji ya chanjo: kila saa joto lilishuka nyuzi tatu, na saa sita likafika nne.

"Ishapoa, tuchanje," akasema sista mkuu. Kina mama walijaa barazani na watoto wao.

Nikamwambia, "Ngoja, sista. Kushuka tatu ni hasi tatu. Kurudi nyuma saa nne ni hasi nne. Zizidishe, upate chanya kumi na mbili. Basi saa mbili joto lilikuwa juu kwa kumi na mbili, yaani nyuzi kumi na sita. Chanjo huharibika joto likipita nyuzi nane, basi hizi hazifai."

Sista akaagiza nyingine. Kesho yake, watoto walipochanjwa, akawaambia kina mama, "Mshukuruni msichana huyu. Hesabu yake imewalinda wana wenu."

Siku ile, mjukuu wangu, nilirudi nyumbani kifua mbele.

Bibi yako,
Mwanaisha