Kaimu Mkuu wa Chuo Anatakiwa Aifunge Mvua

Bi. Mwamvua mpendwa, nisaidie kabla sijachapwa fimbo na wakwe zangu. Mimi ni msimamizi wa chuo cha walimu huku Ugogo, nimeshika funguo za ghala na mabweni tangu chuo kikiwa mahema mawili, wakuu wa Kidachi kutoka Ujerumani wamekuja na kuondoka na mimi nipo, na mkuu wa sasa alipokwenda kwao likizo akaniachia nafasi yake niikaimu, na siku hiyohiyo, Bi. Mwamvua, mvua ikanyesha baada ya ukame wa kutisha. Basi kwetu sisi Wagogo mvua ni kazi ya mtemi, mkuu wa nchi, wazee wakasema mkuu mpya ana mkono wa mvua, wakaniletea mbuzi mweusi, na mimi badala ya kukataa nikamchinja, tukala chuo kizima. Sasa mvua haikatiki, mtama unaoza shambani, na juzi mkwe wangu kaja na wazee wenye fimbo, akaniambia, "Mwanangu, uliifungua mwenyewe. Ifunge." Mke wangu Zipora ananicheka mchana kutwa. Kibaya zaidi, mkuu amesharudi, amekwama stesheni ya Gulwe kwa kuwa reli imesombwa na maji, na mvua ikikatika tu atafika nami nirudi ghalani. Kila asubuhi tunaomba ikatike, na mimi ninayeongoza sala naomba kwa sauti ya chini sana ili Mungu asisikie. Nimekipenda kiti hiki mno. Nifanyeje?

Yotham, Kaimu Mkuu

Bwana Yotham, pole, lakini una vituko. Mvua hukuileta, ila mbuzi ulimla. Ulipopokea sifa, lawama ulitaka apewe nani? Mtu aliyelea chuo tangu mahema akitamani kukiongoza, simlaumu hata kidogo. Ninachokulaumu ni kutaka mtama wa wakwe uoze ili wewe ukae kitini. Huoni haya?

Kesho mpelekee mkweo mbuzi, wa rangi yoyote, umwombe radhi na umwambie ukweli. Kisha chukua wanafunzi na majembe mkasaidie kutengeneza reli, umlete mkuu mwenyewe. Akifika mwambie waziwazi kwamba kazi hii unaiweza na unaitaka. Huenda akakataa, Wadachi tunawajua. Akikataa, mkabidhi kiti chake, urudi ghalani bila kununa.

Na usisahau unakaa Ugogo. Mwakani mvua ikigoma, wazee watakuja tena na fimbo kumtafuta mwenye kiti. Siku hiyo mwache mkuu awafungulie mlango yeye.