Mama Alininywesha Sheria

Mama Adolphine mpendwa wa ukurasa huu,

Pole kwa kazi ya kubeba shida za watu kila juma. Leo nimekuja na ya kwangu, naomba unisikilize mpaka mwisho na usinicheke kabla hujafika chini, maana sina mtu mwingine wa kumwambia, shehe wetu nikimwambia atakasirika, na profesa nikimwambia huenda nimekwisha. Mimi ni kijana wa commune Albert, mtaa wa watu weusi hapa Élisabethville, mtoto wa watu wa Kasongo, Mwislamu, marehemu baba alikuwa seremala, na huu ni mwaka wangu wa pili nasoma sheria katika kile chuo kikuu kidogo cha binafsi ambacho mawakili Wabelgiji walikifungua ndani ya nyumba ya zamani ya mfanyabiashara mmoja Mgiriki.

Chuo ni kidogo kweli, ukipita nje utadhani ni kwa mtu, darasa letu lilikuwa chumba cha kulia chakula na mpaka leo darini iko ndoano ya taa kubwa, na wanafunzi weusi tuko watatu tu, lakini mama, ukiingia mle ndani unashusha sauti bila kuambiwa. Siku ya kwanza profesa alikuwa anaita majina, akasema « Monsieur Sumaili », nami nikageuka nyuma kuangalia anamwita nani, kwa sababu barabarani mimi ni boy, polisi akitaka karatasi zangu ananikemea kama mtoto, na hapa mzee mwenye mvi amesimama, ananiita Monsieur, anangoja nimjibu. Siku hiyohiyo akatufundisha kwamba sheria iko juu ya kila mtu, hata mfalme mwenyewe hawezi kumtoa maskini nyumbani mwake kwa kupenda tu, ni lazima sheria iseme, na mimi nikatoka pale kichwa kimejaa, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani nikiwaza maneno hayo, baiskeli nimeisahau chuoni.

Nyumbani niko na mama peke yetu. Mama anaitwa Amida, babake alikuwa mwalimu wa Kurani kule Kasongo, kwa hiyo anajua kuandika kwa herufi za Kiarabu, na wanawake wa mtaani wenye uzazi mgumu wanamwendea awafanyie kombe, yaani anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaisafisha kwa maji, mgonjwa anakunywa yale maji. Kifaransa hajui hata neno. Lakini kila jioni nikikaa kusoma kitabu changu cha sheria kwa sauti, kile kinene chenye jalada jekundu, yeye anakuja kukaa karibu na mlango, anajifunika kichwa vizuri kama mtu anayesikiliza Kurani, anatulia mpaka nimalize. Mimi nilikuwa naona ni mapenzi ya mama tu, sikumuuliza kitu.

Sasa sikia mambo ya mtihani. Kwetu mtihani ni wa mdomo, unasimama mbele ya watu watatu waliovaa majoho meusi, na kabla hujaulizwa unainua mkono wa kuume na kusema, kwa heshima yako, kwamba hukupata msaada wa mtu wala wa kitu chochote isipokuwa masomo yako, na atakayegundulika amesema uongo anatolewa na harudi tena. Niliinua mkono, nikasema kwa moyo mweupe. Profesa akaniuliza lile neno la sheria kwamba mtu akimdhuru mwenzake kwa kosa lake analazimika kutengeneza alichoharibu. Mama Adolphine, sijui nikuelezeje. Maneno yalikuja yenyewe, yote, moja linavuta lingine, na mifano, na hukumu za mahakama, nilisikia sauti yangu kama ni ya mtu mwingine mkubwa kuliko mimi, na nilipomaliza profesa alivua miwani, akasimama kunipa mkono. Rafiki yangu Dominique Nkandu, ambaye tunasoma pamoja na ana akili kunishinda, aliulizwa lilelile akakwama katikati, na wamemwambia arudie mwaka.

Juma lililopita nilirudi mapema kutoka chuoni kujitayarisha kwa sehemu ya pili ya mtihani, iko Jumatatu ijayo, nikamkuta mama ameketi mkekani, ametawadha, kitabu changu kiko mbele yake juu ya kitambaa safi, sahani nyeupe mapajani, na kalamu ya tete mkononi anachora herufi za Kifaransa kwa zafarani, moja moja, akianzia kulia kwenda kushoto kama anavyoandika Kiarabu. Nikamuuliza, mama, unafanya nini? Akanijibu bila kuficha, uso umeng'aa: « Nakufanyia kombe ya Jumatatu, mutoto yangu. Ya kwanza nilikutilia mu chai ya tangawizi, na uliona vile ilifanya kazi. » Nikamuuliza ya kwanza aliandika nini. Akafungua kitabu, kikajifungua chenyewe palepale, akasema: « Hii page. Njo iko na alama ya vidole vyako mingi. Nikasema, hii njo page yenye nguvu. » Ulikuwa ukurasa ule, mama Adolphine. Neno lilelile nililoulizwa.

Hofu ikanishika, halafu ikageuka hasira. Nikamwambia amenifanya mwongo, mkono niliouinua umekuwa mkono wa mwizi, hii ni sheria ya Wazungu si dawa ya tumbo, na mengine ambayo sitaki kuyaandika. Nikaichukua sahani, nikayasuuza maandishi kwa maji ya mtungini, nikamwaga maji yake uani, mahali watu wanapopita. Na wewe ulizia kwa Waislamu, maji ya kombe hayamwagwi yakakanyagwa na miguu. Mama alitoka, akapiga magoti, akachota kwa mikono ule udongo uliolowa, wote, akaupeleka chini ya mpapai ambapo hapiti mtu. Tangu siku hiyo ananipikia, ananisalimia, lakini nikisoma jioni haji tena kukaa mlangoni.

Nilimwambia Nkandu kwamba nitakwenda kwa doyen, mkuu wa kitivo chetu, nimweleze yote na kurudisha alama zangu. Nkandu akanishika mkono: « Sumaili, usifanye vile. Batatucheka sisi bote. Batasema, unaona, hata ukibafundisha sheria banaikunywa. » Ndiyo maana nimekuandikia. Nikinyamaza, Jumatatu nitainuaje tena mkono? Nikisema, naweza kutolewa katika chuo ambacho nakiheshimu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona. Na kitu kinachonitisha zaidi ni kwamba moyoni naamini kombe ile ilifanya kazi, kwa sababu mimi sijawahi kusema vile. Nifanye nini, mama? Na usitie jina langu la kweli.

Ni mimi, Mwanafunzi wa commune Albert

*

Jibu la Mama Adolphine

Monsieur Sumaili, basi nikuite hivyo, kwa kuwa umeona raha sana kuitwa hivyo, na majina yenu yote nimeyabadilisha, majirani zako wasome gazeti kwa amani.

Kwanza pole. Kijana anayepoteza usingizi kwa sababu ya mkono aliouinua si kijana mbaya, na mji huu ungekuwa na wengi wa namna yako, mimi ningefunga ukurasa huu nikauze maandazi. Umemaliza kusifiwa, sasa nikugombeze.

Wewe unajiita mwanasheria na ushahidi uko mikononi mwako huuoni. Mama yako aliuchagua ukurasa ule kwa nini? Amekwambia mwenyewe. Ulikuwa na alama za vidole vyako. Kitabu kilijifungua hapo kwa sababu umekifungua hapo jioni baada ya jioni. Nani aliuchafua ukurasa ule, Amida au wewe? Hukuulizwa neno lile kwa sababu liliandikwa kwenye sahani. Uliandikiwa neno ambalo ulikuwa umekwisha kulisoma mpaka karatasi ikachakaa, na profesa wako naye bila shaka analipenda, ndiyo maana alilifundisha mpaka likakuingia vile na ndiyo maana aliliuliza kwako na kwa mwenzako.

Utaniambia, lakini mama Adolphine, ile sauti. Sikatai ile sauti. Mimi ni Mkatoliki, kombe sijawahi kunywa, lakini kabatini mwangu kuna chupa ya maji ya baraka kutoka Lurdi, na binti yangu alipokwenda kufanya mtihani wa uuguzi nilimpaka kidogo kwenye paji la uso akiwa amelala. Dua ya mama inafika wapi na inafanya nini, hilo sijui, na askofu mwenyewe ukimuuliza atajibu polepole. Hata mimi nimesoma habari za sauti yako ile na nywele zikanisimama. Lakini wale watu watatu wenye majoho hawakukuuliza kama kuna mtu anayekuombea. Wangeuliza hivyo, hakuna mwanafunzi angebaki. Mama yake Nkandu hakuwasha mshumaa kanisani asubuhi ile? Muulize. Na wale vijana wa Kizungu wenye medali ya Bikira shingoni, nao waende kwa doyen kupanga mstari?

Kwa hiyo kwa doyen huendi. Si kwa kuogopa kuchekwa, kama anavyosema rafiki yako, ingawa namwelewa, maana wakicheka, kicheko hicho kitawafuata ninyi wanafunzi weusi watatu miaka mingi. Huendi kwa sababu huna la kukiri kule. Jumatatu utainua mkono na utasema yale maneno, na yatakuwa kweli. Nkandu naye hukumnyang'anya kitu. Kama una deni kwake ni la urafiki tu, kaa naye kila Jumamosi, umsomeshe lile neno mpaka litoke kinywani mwake bila kukwama.

Lakini kosa lipo, na hukulifanya chuoni. Umeniandikia mistari mingi juu ya mkono wako, na juu ya mama yako umeniandikia kwamba anakupikia na kukusalimia. Barua yako nimeirudia kwa ajili ya ule udongo tu. Nimeuona ule mkeka, kitambaa safi, mwanamke ametawadha. Wewe ulishusha sauti katika nyumba ya Mgiriki kwa sababu mzee mwenye mvi alikuita Monsieur. Mama yako hakuna aliyemwita Madame. Alikaa mlangoni akafunika kichwa kwa maneno asiyoyajua, kwa sababu yalitoka kinywani mwako, akayapa heshima kubwa kuliko zote alizonazo. Nawajua mawakili wa mji huu, nimefua nguo zao nilipokuwa msichana, na sijamwona hata mmoja aliyekiheshimu kitabu kile hivyo. Wewe ukamwambia amekufanya mwizi na ukaimwaga heshima yake njiani.

Basi nisikilize, na usinijibu. Jioni ya leo usianze kusoma kwa sauti ukitegemea kwamba atakuja mwenyewe mlangoni. Chukua kitabu, mfuate alipo, kaa chini mkekani pake, si kwenye kiti. Usilete Kifaransa chako. Mama huyo ameandika sentensi nzima ya sheria kwa mkono wake, herufi kwa herufi, na ni sheria inayomtawala yeye pia, katika nyumba yake na katika ua wake, tangu alipoingia mji huu. Miaka miwili umemsomea, na hata siku moja hukumwambia inasema nini. Mwambie leo. Weka kidole pale na useme kwa Kiswahili chenu cha nyumbani, taratibu: mama, hapa banaandika, muntu akimuumiza mwenzake kwa kosa yake, lazima atengeneze. Halafu usiende kwenye ukurasa mwingine mpaka umemwomba msamaha.