Ruba wa Arobaini na Moja

Kaka yangu,

Usicheke mwandiko, hata kuku angechakura vizuri zaidi. Mvua zimekatika na samaki wa mtoni, wale trauti, wameanza kula. Ndani ya bahasha kuna ruba wa bandia wa kuvulia samaki, mfupi kuliko ukucha: ndoana, uzi mweusi na manyoya ya paka wangu, ambaye sasa akiona mkasi anatoka mbio.

Najua ulishasikia habari za kiharusi. Ni kweli, mkono wa kulia umegoma. Uzi naubana kwa meno, nafunga kwa kushoto. Ruba arobaini walifumuka mtoni. Huyu alinipa samaki wawili jana. Alama za meno kwenye uzi ni zangu; za mkiani ni zao.

Basi acha kunitafutia chumba huko kwako. Ukija, niletee ndoana.

Dada yako, bado fundi