Kompyuta ya Mezani Kisimani

Dodoma, Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na baridi ya huko Mbinga haikusumbui sana. Baba anaendeleaje na mguu? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujakaa sawa, na sikutaka kukueleza kwa simu kwa sababu ningelia, nawe ungeshindwa kula.

Ni habari ya Festo, mwana wa mwenzako wa kanisani.

Unajua alivyonipokea hapa, akaniombea kazi kwenye kampuni yao ya pampu za maji. Mbele ya watu alikuwa ananiita mdogo wake, na mimi nikamwamini hivyo. Yeye ndiye aliyenikabidhi kazi ya kutengeneza kifaa cha kuongoza pampu ya sola katika kijiji kimoja mbele ya Haneti. Kisima ni hicho hicho kimoja, cha watu na cha ng'ombe.

Nilitengeneza kikompyuta kinachoenea kiganjani. Hakina skrini wala kibodi. Mfumo endeshi wake, yaani programu inayokiongoza, ni mwepesi, una kazi moja tu: kuangalia maji, kuwasha pampu na kuizima. Maji yakipungua kisimani, unaizima pampu papo hapo, maana hauna shughuli nyingine ya kuuchelewesha. Umeme ukikatika ukarudi, unaamka mara moja bila kumngoja mtu abonyeze kitu. Kompyuta ya mezani, kama ile ya ofisi ya parokia, mfumo wake umeundwa umtumikie kila mtu: barua, picha, muziki, intaneti. Kazi zinapeana zamu, na wakati mwingine mfumo unaziweka zote pembeni ili ujisasishe. Ofisini unakunywa chai, unasubiri. Pampu haiwezi kusubiri. Ikivuta hewa badala ya maji, inaungua.

Kifaa changu kilifanya kazi tangu mvua mpaka kiangazi. Kisha tukapigiwa simu kwamba pampu imeungua. Nilipofika na Festo, ng'ombe walikuwa wamesimama kwenye birika kavu, wanalamba saruji. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama mmoja wa Kigogo, aliitikia salamu yangu kwa shida.

"Tumeambiwa kifaa chako ndicho kimetuulia pampu," akasema.

Nikafungua sanduku. Kifaa changu hakimo! Ndani kuna kompyuta nzima ya mezani na skrini yake. Nilipoiwasha ikaendelea pale ilipokwama: inajisasisha, usizime. Kisima kilikauka huku yenyewe ikijishughulikia, pampu ikavuta hewa.

Festo akanivuta pembeni. "Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja, walitaka kuona michoro kwenye skrini. Chako hakionyeshi kitu."

"Na ukawaambia hiki ni changu?"

"Stela, wewe huna mume wala mtoto. Kazi utapata nyingine. Mimi nikifukuzwa, wale wangu watakula nini?"

Mama, alisema kwa upole, kama vile ananiomba nimshikie mzigo kidogo.

Nilirudi kwa watu nikawaeleza yote, yeye akiwa amesimama pale. Mwenyekiti akaniuliza, "Hicho chako kingejua maji yameisha?"

"Kingejua, na kingezima."

Akamtazama Festo, kisha akaniambia, "Basi kitafute."

Ofisini hali ilikuwa nyingine. Bosi alikuwa ameshasoma ripoti ya Festo iliyonitupia lawama, akasema siwezi kumpinga aliyenileta. Wiki ile ile nikaachishwa kazi. Festo hakutoka hata kuniaga.

Pampu mpya ilipofika, kamati ilikataa ifungwe mpaka niitwe mimi. Nilikwenda. Kifaa changu nilikikuta kwenye stoo ya kijiji, kimefungwa kwenye mfuko wa mbegu, nikakirudisha. Maji yanatoka. Sasa natengeneza redio na simu kwenye kibanda cha rafiki yangu hapa mjini, na kamati za vijiji viwili vya jirani zimeniita. Njaa sina, usiogope.

Nisalimie Baba, na shangazi aliyenifundisha kusuka, na mdogo wangu wa mwisho, mwambie asome. Mama yake Festo naye mpe shikamoo yangu. Najua mkitoka kanisani atakuuliza kama mwanawe bado ananitunza vizuri. Mjibu utakavyoona, Mama.

Mwanao,
Stela