Zafarani ni ya Nani

Mjukuu wangu Rahma,

Salamu kutoka Deira. Bibi yako hajambo. Goti limepoa, na ulimi haujapata kuumwa.

Unauliza kwa nini huko Ulaya zafarani huitwa Safran, zafferano, azafrán, kana kwamba wote wamesoma kwetu. Wao walilipata neno kwa Waarabu, kama sisi. Waarabu nao, nasikia, kwa Waajemi.

Nilipokuwa kijana, arbab mmoja, tajiri Mwarabu wa soko la Al Ras, alinijaribu kazi dukani kwake siku moja: niuze, au khalas, nisirudi. Wakaingia wanawake wawili, Mhispania na Mwitaliano, wakagombania neno.

"Hili ni letu."

"Lenu tangu lini?"

Zafarani yenyewe imo koponi, hakuna anayeitazama. Nikawauliza, kwa Kiingereza changu cha sokoni, makwao huipikia nini. Ugomvi ukawa wa wali. Kila mmoja akausifu wake, na kila mmoja akaondoka na pakiti.

Arbab akanisogelea. "Lakini unajua neno ni letu."

Mlangoni alisimama jirani yetu Mwajemi, amekunja uso.

"Naam, arbab," nikajibu. Kesho yake duka nililifungua mimi.

Nakuombea afya na chungu kisichokauka,
Babu yako