Sauti Isiyokubali Kukatizwa

Jumanne, 4 Mei 1999

Brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za kompyuta, imekufa tena, mara ya tatu tangu asubuhi. Kasema Mutua, fundi wa simu wa hoteli, huku akiiwasha kompyuta upya. "Imehengi, Mama."

Bi Mwanasiti hakugeuka. "Basi izike, mwanangu, tuanze nyingine."

Mwanasiti ndiye mpokeaji simu wa hoteli hii ya Diani. Haoni tangu utotoni. Swichibodi, ubao wa kuunganishia simu, ameiendesha miaka mingi kwa masikio na vidole. Sasa ofisi ya Nairobi huandika maombi ya vyumba kwenye ukurasa wa kompyuta, kwa Kiswahili, ili mapokezi na jikoni wasome wenyewe. Simu zimepungua. Meneja atampima Jumatano ijayo, tarehe 12. Akiweza kuyapokea maombi peke yake, kazi anayo. Asipoweza, mwisho wa mwezi arudi kwao Waa.

Mvua. Ukunda matope matupu. Nilikuja kuandika habari ya hoteli zisizo na wageni. Nimebaki kwa ajili ya habari hii.

Alhamisi, 6 Mei

Nimeelewa. Mutua ameandika kijiprogramu kinachochomekwa ndani ya brauza na kusoma ukurasa kwa sauti. Sauti ni ya Mwanasiti mwenyewe. Walijifungia stoo ya magodoro, akatamka ba, be, bi, bo, bu, hadi silabi zote zikaisha. Kijiprogramu huziunganisha. Lugha yetu hutamkwa inavyoandikwa, ndiyo maana inawezekana. Majina ya Wajerumani ni shida. Leo mgeni mmoja ametoka "Shi-mi-di-ti." Mwanasiti alicheka mpaka akafuta macho. Kasema sasa anajua anavyosikika akiwa na mafua.

Kinachonivutia zaidi ni mapatano kati ya brauza na kijiprogramu. Mutua anayo kwenye karatasi, yamechapwa na walioitengeneza brauza. Ni miito michache tu. Brauza haijui kijiprogramu kinafanya kazi gani, wala haiulizi. Hukiita: njoo. Hukionyesha pa kukaa kwenye ukurasa. Huuliza: waweza kupokea kiasi gani sasa? Hungoja jibu. Ndipo hukikabidhi maneno, na hayazidi kiasi kilichotajwa. Ukurasa ukifungwa, huita mara moja: ondoka.

Watu wa mbali, wasiomjua Mutua, wala hawatamjua Mwanasiti, wamemwachia mlango. Nimeripoti mapatano mengi, ya vyama, ya mashamba, ya wavuvi wa Vanga. Sijaona yaliyopangwa vizuri hivi. Kila upande unajua zamu yake.

Ijumaa, 7 Mei

Bado inakufa. Si kila mara. Hufa ukurasa ukifungwa wakati sauti ingali inasema. Mutua amekuwa mkali, hata chai hakunywa. Mwanasiti alikwenda kuswali, akarudi, akatukuta tumeinamia kompyuta ileile. 

Naona Mwanasiti atashindwa Jumatano. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoona.

Jumatatu, 10 Mei

Kosa limepatikana.

Mutua alikuwa akimsomea Mwanasiti maelezo ya wito wa mwisho, akiyafasiri palepale. Ukiambiwa ondoka, rudisha ulichopewa, usiguse kitu tena. Akanyamaza katikati.

"Malizia," Mwanasiti akasema.

"Ndiyo shida hiyo, Mama. Hiyo malizia yako."

Walikuwa wamewekeana sharti tangu mwanzo, nami sikuambiwa. Mwanasiti hamkatizi mtu neno mdomoni, hata mlevi aliyepiga simu kwenye chumba kisicho chake. Hakutaka sauti yake mwenyewe ikatizwe. Mutua akamridhia: hata ukurasa ukifungwa, sauti imalize neno kwanza. Kwa hiyo brauza husema ondoka, hukiondolea kiti, nacho kijiprogramu bado kinamalizia "a-la-si-ri" mahali ambapo si pake tena. Na brauza na kijiprogramu hukaa nyumba moja. Mmoja akianguka, huangusha paa.

Adabu yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiiua brauza. Sijawahi kuripoti kosa zuri kama hili.

Mwanasiti akamgeukia Mutua. "Kwa hiyo nijikate mwenyewe?"

"Ujikate, Mama. Hata silabi ikiwa nusu."

"Haya. Mwenye nyumba akishasema nenda, mtu huenda."

Amekubali. Ameudhika pia.

Jumatano, 12 Mei

Meneja alishika kompyuta mwenyewe. Alifungua maombi moja baada ya jingine, na mengine akayafunga makusudi sauti ikiwa katikati. Brauza haikufa. Sauti ilikoma pale pale ilipoambiwa. Yale yaliyofungwa, Mwanasiti aliomba yafunguliwe tena, akayasikiliza hadi mwisho. Kisha akayarudia yote kwa kichwa, hata yule mgeni asiyekula samaki. Shimiditi naye akamtaja kama alivyomsikia. Meneja alicheka, akasema inatosha.

Jambo moja meneja hakuliona. Kila sauti yake ilipokatwa, Mwanasiti aliumalizia mwisho wa neno kwa midomo, bila kutoa sauti. Sikumwambia mtu.

Mutua anafunga nyaya. Mvua imepungua.

Jumatatu tarehe 17, saa mbili asubuhi, Mwanasiti anaanza zamu peke yake kwenye dawati la maombi. Mutua siku hiyo atakuwa Kombani, kwenye laini ya simu.