Bega la Emmett

Shemeji Wendell,

Habari za shambani? Hapa Ohio baridi imeanza, na mtoto ameota jino.

Redioni umesikia tumechukua ubingwa wa besiboli. Hawakusema kwamba mdogo wako Emmett alirusha mipira ya fainali bega limevimba.

"Nimwambie kocha?" nilimuuliza.

"Thubutu uone! Msimu mzima tumeisotea siku hii."

Nikaenda kuketi jukwaani. Kila aliporusha nilifumba macho. Mpigaji wa mwisho alipoukosa mpira, uwanja ulirindima, wenzake wakambeba juu juu, mkono wake wa kulia ukining'inia.

Daktari amesema hatarusha tena. Jana kocha, ambaye bado hajui, alikuja na keki.

"Mwakani tena, bingwa!"

Emmett akacheka. "Mwakani tena, bosi!"

Kocha alipoondoka, Emmett aliniomba nimfungue vifungo vya shati, akalia.

Njoo, shemeji. Zaidi yako, hakuna mtu ambaye Emmett atamsikiliza.

Shemejio,
Loretta